Mpira wa Ndani wa Baiskeli: Uchaguzi na Ufungaji Wake

Mazungumzo ya Afisa Uhusiano wa Polisi na waendesha baiskeli, Busia



Jina la bodaboda lilizaliwa papa hapa mpakani katika miaka ya 1960, baiskeli zilipovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili. Leo njia hiyo imejaa malori. Mpira wa mbele ukipasuka ghafla, gurudumu huyumba, na abiria huenda akaangukia mbele ya lori. Kwa hiyo leo sizungumzii faini, nanyi naona mmefurahi. Nazungumzia mpira wa ndani.

Kabla ya kununua, someni ubavu wa tairi. Baiskeli yetu ya mizigo kwa kawaida huandikwa 28 x 1½, yaani 40-635. Ile ya mbio, wanayoipenda vijana, mara nyingi huandikwa 700 x 25C, yaani 25-622. Hiyo 40 au 25 ni upana kwa milimita, na sharti upatane na ulioandikwa kwenye kasha la mpira. Mpira mwembamba ndani ya tairi pana hutanuka ukawa dhaifu. Mpana ndani ya tairi jembamba hujikunja, na hutoboka penye mkunjo.

Tazameni pia tundu la valvu. Valvu nyembamba ya baiskeli za mbio, ikitiwa katika tundu la valvu nene kama ya gari, hucheza hata mpira ukararuka shinani mwake. Wapo wanaotoboa rimu upya ili valvu nene ipite. Hilo silikubali hata kidogo: rimu ya mbio ni nyembamba, na tundu kubwa huidhoofisha.

Katika kufunga, adui ni haraka. Mwiba uliotoboa mpira wa jana utatoboa na wa leo; pitisheni kitambaa ndani ya tairi mpaka aonekane mkosaji. Ukanda wa rimu ufunike vichwa vyote vya spoki. Tieni upepo kidogo mpira uwe mviringo, simamisheni valvu wima, kisha malizieni ukingo wa tairi kwa vidole gumba. Bisibisi hubana mpira na kuukata pasipoonekana, nao hupasuka baadaye, abiria akiwa nyuma. Sukumeni valvu ndani kidogo, ivuteni tena, mkague pande zote mbili. Mpira ukichungulia popote, toeni upepo mrudie. Ndipo mjaze hadi kipimo kilichoandikwa kwenye tairi.

Sasa fundi atafungua gurudumu hili mbele yenu. Sogeeni karibu.