MFUKO WA DHARURA UWE WA MTAA MZIMA
(Maneno ya Katibu kwenye kikao cha tawi. Yanatumwa kwa wanachama wote, hasa ambao hawakufika.)



Hoja iliyo mezani ni hii: mfuko wa dharura tunaouanzisha umsaidie nani? Wapo wenzetu wanaosema asaidiwe mwenye kadi ya chama aliyelipa ada, kwa kuwa ndiye mchangiaji. Mimi niliyesomea uhasibu naielewa hoja hiyo. Hata hivyo naomba tuikatae.

Kwanza, anayefika mapema kwenye janga ni jirani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliowahi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki, Mungu awarehemu. Saa ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuulizana vyama.

Pili, tuwaangalie wenzetu wa Sudan, maana wao walikuwa wanasiasa kama sisi. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, hospitali nyingi zilifungwa na mashirika mengi ya kigeni yakaondoa watu wake. Vijana wa mitaa wakaunda vikundi walivyoviita vyumba vya dharura. Wengi wao walitoka kwenye kamati za mitaa, zile zilizokuwa mstari wa mbele katika harakati zilizomwondoa Omar al-Bashir mwaka 2019. Msimamo wao ulijulikana. Lakini majiko yao yaliwapikia wakazi wote wenye njaa. Walitafuta dawa, walihamisha familia kutoka kwenye mapigano. Baadhi walikamatwa, baadhi waliuawa, na pande zote mbili za vita ziliwashuku. Naamini jiko la upande mmoja lisingedumu hata mwezi.

Tatu, fedha. Michango mingi ilitoka kwa Wasudani walioko nje, ikitumwa kwa simu. Mchangiaji aliye mbali hawezi kuja kukagua sufuria, kwa hiyo risiti na hesabu zilibidi zimfuate aliko. Halafu mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, majiko mengi yalifungwa. Mfuko unaotegemea mkono mmoja hufa mkono huo ukikunjwa.

Kwa hiyo napendekeza:

1. Mfuko umsaidie mkazi yeyote wa mtaa wetu aliyepatwa na moto, mafuriko, au aliyejeruhiwa kwenye vurugu.

2. Ada za chama zibaki kwenye akaunti ya tawi. Zisichanganywe na mfuko hata shilingi moja. Hapo wenzetu wanaohofia ada zao watakuwa wamejibiwa.

3. Wasimamizi wawe watano: wawili kutoka tawini, watatu wachaguliwe na wakazi. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika daftari.

4. Kila mwisho wa mwezi ukurasa wa daftari upigwe picha na kutumwa kwenye kundi la mtaa: kilichoingia, kilichotoka, salio, na risiti zake.

5. Tuandike sasa, kabla ya mvua, majina ya wazee wanaoishi peke yao, wajawazito na wasioweza kutembea; pia bodaboda wanaokubali kuamshwa usiku. Orodha hiyo ishikwe na wasimamizi tu, isirushwe kwenye makundi.

6. Siku ya kugawa msaada tusivae sare wala kupeperusha bendera. Aliyeunguliwa nyumba asijione ananunuliwa kura.

Najua wapo watakaosema hapo chama kitapata nini. Chama kitapata mtaa unaojua kwamba wanachama wake wanaaminika na fedha za watu. Hilo haliletwi na fulana.

Kura itapigwa Jumapili saa kumi jioni, ofisi ya tawi. Mwenye hoja tofauti aje nayo, atasikilizwa.



Katibu wa Tawi