Kiti cha Kazi na Mgongo Wako

Katika mafundisho mengine tunasema juu ya maji, juu ya kuhara kwa watoto, juu ya chandarua. Leo tuseme juu ya kiti. Wengine watacheka: kiti nacho ni jambo la hospitali? Ndiyo, ni jambo la hospitali. Angalia wale wanaokuja wakishika kiuno. Utakuta fundi wa kushona kutoka Kadutu, karani wa biro, mwalimu mwenye kusahihisha madaftari, mama anayeuza unite pale Nyawera. Hawakubeba gunia hata moja. Walikaa tu, tangu asubuhi mpaka jioni. Na fundi akishindwa kukaa, nani atalipa masomo ya watoto?

Ugonjwa huu si wa leo. Mwaka wa 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na ndani yake aliwataja washonaji, watu wa kuketi siku nzima. Hawakuwa na kompyuta, lakini migongo yao ilikuwa kama yetu.

Sasa elewa vizuri kinachotokea. Uti wa mgongo si fimbo moja. Ni mifupa 24 iliyopandana, na katikati yake kuna vipande laini kama mpira. Vipande hivyo kwa mtu mzima karibu havina mishipa ya damu. Vinapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiliwa, sawa vile sponji inavyonyonya maji. Ukikaa umejikunja pasipo kujongea, vinabanwa upande mmoja tu, na nyama za mgongo zinachoka kwa kukushikilia.

Zamani tulifundishwa kwamba kukaa kunabana mgongo kupita kusimama, kwa sababu daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima hivyo katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1999 watu wa Ujerumani walipima tena, na hawakukuta kwamba kukaa ni kubaya hivyo. Basi tusikiogope kiti. Kibaya ni kukaa namna moja, umeinama, masaa na masaa.

Mbele ya kununua kiti, au mbele ya kumwendea seremala, chukua kamba. Vaa viatu vyako vya kazi, keti, nyayo zote mbili ziguse chini. Mtu mwingine apime kutoka nyuma ya goti mpaka chini. Hicho ndicho kimo cha kiti chako, si cha jirani. Viti vingi vya dukani vina kimo cha sentimita 45 hivi. Mama mfupi ambaye kamba yake inatoa sentimita 38, miguu yake itaning'inia na ukingo wa kiti utambana mapaja. Akate miguu ya kiti, ama aweke tofali au ubao chini ya miguu. Na papa mrefu anayekaa juu ya kistuli kidogo, magoti karibu na kifua, mgongo wake utakunjika kama upinde hata akijitahidi namna gani.

Halafu pima urefu wa makalio ya kiti. Ukisogea mpaka nyuma kabisa ukaegemea, vidole 3 vipite kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti. Kama havipiti, kiti ni kirefu mno kwako, na wewe utakaa mbele tu, pasipo kuegemea. Wengi wanakaa hivyo. Kiti kina mgongo mzuri sana na hakuna mtu anayeutumia! Seremala auweke mgongo huo uinamie nyuma kidogo, na ushike pale juu ya mkanda wa suruali, ambapo mgongo unaingia ndani. Kama kiti chako tayari kimetengenezwa vingine, kunja kitenge kama mkate na kiweke pale. Ukingo wa mbele upigwe randa mpaka uwe wa mviringo.

Juu ya ubao weka sponji ngumu ya godoro. Ibonyeze kwa ngumi: ukisikia ubao, haifai.

Na vile viti vikubwa vyeusi vya ngozi, vyenye kuzunguka, ambavyo wakubwa wanapenda kuweka katika biro? Ni vizuri kwa kupokea wageni. Kwa kuandika, vingi ni virefu mno, na mikono yake inagonga meza, basi mwenye kiti anabaki mbali na kazi yake na kuinamisha shingo. Kama utanunua cha kuzunguka, chagua kile chenye kupanda na kushuka, chenye miguu 5 chini, si 4. Kuhani Eli alianguka kutoka kiti chake akavunjika shingo, tusimfuate.

Kiti na meza ni ndugu. Ukiketi, mabega yakiwa yamelegea, kiwiko kiwe sawa na juu ya meza. Kompyuta ya kubeba ikiwa chini sana, iweke juu ya vitabu na tafuta kibao kingine cha herufi cha kuunganisha.

Kwa fundi wa kushona nina neno la pekee. Kiti chako kisiwe na mikono. Kisogeze karibu na mashini, wewe ukae mbele ya sindano yenyewe, si kando. Ukiinama, inama kutoka kwenye nyonga, mgongo ubaki umenyooka. Kanyaga kwa miguu yote miwili. Na angalia mwanga: umeme unapokatika, fundi anashusha uso mpaka karibu na kitambaa. Anaumwa shingo na kulaumu kiti, kumbe dirisha liko nyuma yake. Geuza mashini.

Lakini hata kiti cha bei kali hakitakusaidia kama husimami. Mwaka wa 1940, wakati wa mabomu kule London, watu walikesha ndani ya mahandaki wakikaa juu ya viti vya kukunja. Daktari Keith Simpson aliona kwamba wengine walikufa ghafula. Damu iliganda miguuni na donge likapanda mpaka mapafuni. Ukingo wa kiti ulikuwa unabana mapaja usiku wote. Kwa hiyo simama kila nusu saa, hata dakika 2. Weka pasi mbali, uwe unaifuata. Maji ya kunywa nayo yakae mlangoni. Mama mwenye mimba asimame zaidi, na akikaa apandishe miguu juu ya kistuli. Uso na mikono ikivimba, ama kichwa kikiuma sana, asingojee siku ya kliniki, aje kupimwa shinikizo la damu kwa haraka.

Maumivu ya kiuno mengi yanapungua katika majuma machache, mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Usilale kitandani juma zima. Lakini kuna mambo ambayo si ya kiti. Mguu mmoja kuvimba, kupata moto na kuuma, ama pumzi kukatika ghafula. Miguu kuwa dhaifu, ganzi mahali pa kukalia, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe. Hayo ni ya kuja hospitali siku ileile. Na maumivu ya mgongo yasiyoisha, pamoja na homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda, ama nundu inayoanza kutokea mgongoni, yaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Kinatibiwa kwa dawa za miezi mingi, lakini tukikikuta kimechelewa miguu yaweza kupooza. Mgonjwa ambaye miguu imekwisha kulegea asiletwe juu ya pikipiki. Mlazeni juu ya ubao au machela, watu 4 wambebe.