Ubora wa Uzi Huanzia Katika Mbegu
Mazungumzo kwa wakulima wa pamba



Pamba hupimwa mara mbili. Kituoni hupimwa uzito wake. Kiwandani hupimwa urefu, uimara na wembamba wa nyuzi zake. Kila uzi ni seli moja iliyorefuka kutoka katika ganda la mbegu, hata kukaribia sentimeta 3. Mvua na matunzo ya shamba huchangia, lakini uwezo wa kurefuka umo katika vinasaba.

Vinasaba vya pamba ilimwayo Kanda ya Ziwa vimepangwa katika jozi 26 za kromosomu. Ili kujua ni sehemu zipi zinazotawala ubora wa uzi, watafiti huchavusha pamba yenye mavuno mengi kwa pamba ya jamii ya Kimisri, yenye nyuzi ndefu. Wajukuu wa mimea hiyo hupandwa, nyuzi zao hupimwa, na vinasaba vyao hulinganishwa. Alama inayojitokeza tena na tena katika mimea yenye nyuzi imara huonyesha mahali sifa hiyo ilipo. Hiyo ndiyo ramani ya vinasaba.

Kwa ramani hiyo, mtafiti huchunguza jani la mche mchanga pasipo kungoja vitumba vipasuke. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa mara nyingi wingi wa mavuno na uimara wa uzi huvutana: kimoja kikipanda, kingine hushuka. Ramani humwezesha kuutambua mmea uliorithi vyote viwili.

Hata hivyo, ramani hailindi mbegu ikishatoka kwa mtafiti. Aina zenye herufi UK zilizaliwa Ukiriguru, mkoani Mwanza, kwa uteuzi wa misimu mingi. Mbegu za msimu ujao hutoka katika pamba inayochambuliwa msimu huu. Aina mbili zikichanganyika ghalani, mashine haiwezi kuzitenganisha tena. Nyuzi zisizolingana humsumbua msokotaji, naye mnunuzi hushusha bei.

Basi, mkulima apande mbegu iliyothibitishwa, aulize jina la aina yake kwa ofisa ugani wa kata, asichanganye aina mbili shambani wala ghalani, na atenge pamba safi na fifi. Kazi iliyomchukua mtafiti miaka mingi yaweza kupotea kwa siku moja, katika ghala moja.