Mali Mbovu Iliyochukuliwa kwa Akaunti

(Mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe)

  

Leo tuna jambo moja tu. Vikundi vingi siku hizi havinunui kwa pesa taslimu. Vina akaunti holseli. Mnachukua unga, chakula cha kuku, masufuria, mabati, mnaandikiwa, mnalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Hilo si baya. Mwenye duka anawaamini na kikundi kinapata kupumua. Taabu huja siku mali inapoonekana mbovu na deni bado halijaisha. Hapo watu huingiwa na haya. Wanasema, "Tutalalamika vipi nasi bado twadaiwa?" Mtalalamika, ndugu zetu. Kudaiwa hakumwondolei mnunuzi haki yake. Aliyechukua kwa akaunti amenunua sawasawa na aliyelipa papo hapo.

Tuwape mfano wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Likoni, ambacho jina lake tutalihifadhi, na la duka vilevile. Kazi yao ni kukodisha viti kwa harusi na matanga. Walichukua viti vya plastiki 100 kwa akaunti katika duka moja kule kisiwani. Viti vikavushwa kwa mkokoteni. Kijana wa mkokoteni ndiye aliyetia sahihi karatasi ya diliveri, na karatasi ile ilikuwa imepigwa chapa kwamba mali yote imepokelewa ikiwa katika hali nzuri. Kijana wa watu, yeye atajua nini habari ya viti? Katika matanga ya pili miguu ya viti ikaanza kupasuka. Vilivunjika 17, na mzee mmoja akaanguka akaumia nyonga.

Mama mwenyekiti alipokwenda dukani aliambiwa mambo matatu: mmetia sahihi, mmekalisha watu wazito, na malizeni deni kwanza ndipo tuzungumze. Akarudi na uchungu, na kikundi kikagawanyika. Wengine walisema, "Tusilipe hata senti, tunyamaze tu." Wengine walisema viti vilivyobaki viendelee kukodishwa mpaka deni liishe, halafu ndipo walalamike. Njia zote mbili zingewaumiza, na tutaeleza kwa nini.

Katika Kenya tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31. Ni ya zamani, na wengi hawaijui kwa sababu imeandikwa Kiingereza kizito. Kifungu cha 16 kinasema hivi kwa maneno yetu: ukimjulisha muuzaji kazi unayotaka mali iifanye, nawe ukategemea ujuzi wake, mali hiyo lazima iifae kazi hiyo. Tena mali uliyoinunua kwa maelezo kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, lazima iwe na ubora wa kuuzika. Wale mama walikuwa wamesema tangu mwanzo, "Twataka viti vya kukodisha, vya watu wazima, kila wiki." Maneno hayo yalikuwa na nguvu kuliko walivyodhani. Ndiyo maana tunawaomba, mkiagiza mali, semeni kazi yake, na iandikwe kwenye karatasi ya oda. Mabati ya kuezekea nyumba ya ibada si sawa na mabati ya banda la kuku. (Na kwa mabati kumbukeni, namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30. Watu wengi hudhani ni kinyume.)

Lakini sheria hiyohiyo ina upande mwingine. Ikiwa uliikagua mali kabla ya kununua, na kasoro ni ya kuonekana kwa macho, huwezi kuja baadaye kuilalamikia kasoro hiyo. Kwa hivyo mkaguzi asiwe mtu wa kutazama juujuu.

Na ile sahihi ya kijana wa mkokoteni? Sheria inasema mnunuzi ambaye hakupata kuiona mali hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Sahihi ile yaonyesha kwamba viti 100 vimepokelewa. Haimalizi mambo ya ubora. Hata hivyo itawasumbua katika mabishano, basi ni heri aandike "haijakaguliwa" kando ya sahihi. Neno moja tu. Na mali ikifika, ikaguliwe siku hiyohiyo, si baada ya mkutano wa mwezi ujao.

Sasa turudi kwenye zile njia mbili. Mkiendelea kuitumia mali baada ya kujua ni mbovu, au mkikaa nayo muda mrefu bila kumwambia muuzaji, sheria inahesabu kwamba mmeikubali. Hapo hamwezi tena kuirudisha. Mnabaki na haki ya kudai fidia, au kudai bei ipunguzwe kwa kiasi cha ubovu. Hiyo ni haki, lakini ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Na kunyamaza bila kulipa ni hatari zaidi, kwa sababu muuzaji ataandika tu kwamba kikundi fulani hakilipi, akaunti itafungwa, na habari itatangulia kwenye maduka mengine. Hatua iliyo salama ni kuandika barua. Semeni: tulipokea mali hii tarehe fulani, kasoro ni hii, tunaikataa, njooni mwichukue, na bei yake itolewe kwenye hesabu yetu. Mali nyingine isiyo na kasoro endeleeni kuilipia kama mlivyoahidi. Si lazima nyinyi mgharamie mkokoteni wa kuirudisha, isipokuwa kama mlikubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba mmeikataa.

Wale mama walifanya hivyo. Walivipanga viti vyote ghalani wasivikodishe tena, wakapiga picha kwa simu, wakapeleka barua na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa duka. Hiyo nakala ndiyo iliyobadilisha sauti ya meneja. Baada ya wiki kadhaa duka lilivichukua viti na bei yake ikaondolewa katika deni. Gharama ya matibabu ya mzee hawakuipata, kwa maana risiti za hospitali hazikuwekwa.

Kuna lile tangazo la ukutani: "Bidhaa zikiuzwa hazirudishwi." Watu hulisoma kama amri ya Musa. Kwa mwananchi anayenunua kwa matumizi yake, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inabatilisha maneno ya namna hiyo yanapotaka kumnyima ubora anaohakikishiwa na sheria. Katiba ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na fidia ya hasara iliyotokana na kasoro. Lakini tuseme ukweli wote. Kikundi kinachonunua ili kuuza tena hakina ulinzi sawa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kwa mfano, haimhesabu anayenunua kwa kuuza tena kuwa mtumiaji. Ninyi mnaouza unga na sabuni mtategemea zaidi ile Sura ya 31, na hiyo inaruhusu watu wawili kukubaliana vingine. Kwa sababu hiyo fomu ya kufungua akaunti isomwe kabla ya kutiwa sahihi. Kama kuna mstari unaosema hakuna malalamiko yatakayopokelewa, ombeni ufutwe. Wakikataa, mtajua mnanunua kwa nani.

Ikishindikana kuelewana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, na Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mikataba ya kuuziana bidhaa ikiwemo, na sheria inataka kesi imalizike katika siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Mwenye duka pia anaweza kuwashitaki hapohapo kwa deni, nanyi mkajibu kwa dai lenu la mali mbovu, yote mawili yakapimwa pamoja. Mwende na karatasi: oda, diliveri, risiti, ujumbe wa M-Pesa, ile nakala ya barua. Mwaka 2024, mbolea ya ruzuku ilipogundulika katika nchi yetu kuwa haifai, serikali ilikubali kuwafidia wakulima walioinunua kwa kuwapa mbolea nyingine. Katika jambo kama hilo asiye na kumbukumbu ya kununua atajitetea na nini?

Kwa bidhaa zenye alama ya ubora ya KEBS, msitosheke na kuiona alama. Chini yake pana namba ya kibali. Tumeni SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023, mtajibiwa ni ya nani.

Na tusisahau, sisi pia ni wauzaji. Jirani akirudisha unga wenye wadudu kwenye kibanda cha kikundi, msimwonyeshe lile tangazo ambalo ninyi wenyewe mwalilia kule kisiwani. Mpokeeni, mwandike tarehe, kisha mdai kwa holseli wenu.

Mwisho ni hili la jina. Tumekuta akaunti zimeandikwa jina la mweka hazina, kwa sababu yeye ndiye anayejulikana dukani. Deni likichacha, ni mlango wake utakaogongwa, na mali ikiwa mbovu duka litasema halikijui kikundi. Akaunti iwe kwa jina lililo kwenye cheti cha usajili. Wale ambao bado, mje ofisini kwetu Jumanne na cheti, kitabu cha kumbukumbu na fomu ya duka, tuandike pamoja barua ya kubadilisha.