MIFUPA YA MTOTO INAVYOKOMAA
(Mazungumzo kwa wazazi, Juba)

Leo tunazungumza juu ya mifupa ya watoto. Mfupa hauanzi ukiwa mgumu. Mtoto akiwa tumboni, mifupa yake mingi huwa gegedu, kitu laini kama sikio. Shika sikio lako ulikunje, utaelewa. Mwishoni mwa mwezi wa pili wa mimba, madini ya chokaa huanza kuingia humo, na gegedu hugeuka mfupa.

Kazi hiyo haiishi siku ya kuzaliwa. Karibu na ncha za mifupa mirefu hubaki gegedu, na hapo ndipo mtoto anaporefukia. Kwa wasichana wengi hufunga kwenye miaka 14 hadi 16, na kwa wavulana miaka 16 hadi 18. Chokaa ikikosekana kabla ya hapo, mifupa hubaki laini, na miguu hupinda kwa uzito wa mwili. Hayo ndiyo matege. Kwa binti, nyonga nazo zinaweza kuwa nyembamba, na baadaye akapata shida ya kujifungua.

Utauliza: Juba kuna jua tele, matege yatatoka wapi? Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, nayo husaidia utumbo kufyonza chokaa iliyomo katika chakula. Mtoto anayefungiwa ndani mchana kutwa hukosa jua. Naye anayekula uji wa mtama mtupu hushiba, lakini chokaa anayopata ni kidogo, hata akicheza nje.

Basi tufanye hivi:

1. Mtoto acheze nje kila siku, mikono na miguu wazi, kabla jua halijawa kali.
2. Mpeni maziwa yaliyochemshwa yakipatikana, mboga za majani, na samaki wadogo wakavu waliosagwa pamoja na mifupa yao.
3. Mama mjamzito na anayenyonyesha naye ale hivyo hivyo.

Mtoto mdogo anayeanza kutembea huwa na miguu iliyopinda kidogo. Hiyo ni kawaida. Lakini ikizidi kupinda baada ya miaka 2, au vifundo vya mikono vikivimba, au akilalamika miguu inauma, mpelekeni kliniki. Msimfunge vijiti wala kumkanda kwa nguvu. Matege si laana wala uchawi. Yakitibiwa mapema, miguu mingi hunyooka.

Mwambie na jirani.