GOTI LA KIJANA NI MALI YA TAIFA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa vijana na viongozi wa timu za mpira)



Tumeitwa tuseme juu ya magoti na mabega. Yamkini wengine wenu mwauliza: goti lina uhusiano gani na siasa? Jibu letu ni fupi. Nchi hujengwa kwa miguu na mikono ya watu wake. Kijana achezaye mpira Jumapili, Jumatatu hushika jembe, huchukua mizigo, au hupanda juu ya nyumba inayojengwa. Wengi hawana mshahara wa mpira unaowangojea. Goti likiharibika uwanjani, kilichoharibika ni chakula cha nyumba nzima.

Twajua sote mambo yanavyokwenda. Kijana huanguka, watu humzunguka. Mmoja humvuta mguu, wa pili huleta maji ya moto amkande, wa tatu humwambia, "Jikaze, wewe mwanaume!" Baada ya dakika kumi anarudi kucheza akichechemea, na watu wanampigia makofi. Ndugu zangu, makofi hayo ndiyo yanayotuharibia vijana.

Na tulitazame goti lenyewe. Mfupa wa paja huketi juu ya mfupa wa muundi, na mbele yake kuna pia ya goti. Mifupa hiyo hushikwa na kano nne kubwa: mbili kando, na mbili ndani zilizopishana kama msalaba. Katikati kuna vipande viwili vya gegedu vinavyopokea uzito. Ile kano ya msalaba iliyo mbele mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu: amegeuka ghafla, au ametua vibaya baada ya kuruka.

Dalili zake ni hizi. Mchezaji akisikia kitu kimelia "pwa!" ndani ya goti, na goti likavimba katika saa chache, tudhani kwanza kwamba kano hiyo imekatika, maana uvimbe wa upesi huwa ni damu. Goti likivimba polepole mpaka kesho yake, kisha likawa linakwama, tudhani gegedu limechanika. Maumivu ya upande mmoja baada ya kugongwa kwa kando mara nyingi ni ya kano za kando. Daktari hukunja goti kidogo, huuvuta muundi mbele, akalinganisha na mguu mzima. Kazi hiyo ni yake, si ya mashabiki.

Eksrei huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Madaktari wa Kanada walitoa kanuni mwaka 1995 ya kujua nani apigwe picha baada ya kuumia goti: mtu wa miaka 55 au zaidi, aumwaye akibonyezwa pia ya goti tu, aumwaye kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa nje ya muundi, asiyeweza kukunja goti mpaka nyuzi 90, au asiyeweza kwenda hatua nne. Mojawapo ikiwapo, yafaa apigwe picha.

Siku ile ile ya kuumia, mchezo umekwisha kwake. Mpumzisheni, fungeni barafu kitambaani mkamwekee kwa dakika 15 au 20, zungusheni bandeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe. Siku mbili tatu za kwanza hakuna maji ya moto, hakuna kuchua, wala pombe. Goti likihama kabisa mahali pake, au mguu ukiwa baridi na umepauka, msingoje hata saa moja. Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa wa damu, na ukiumia mguu waweza kupotea.

Wako wanaoogopa hospitali wakidhani kila kano iliyokatika lazima ipasuliwe. Si hivyo. Huko Sweden, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, watu 59 waliokatika kano ya msalaba walianza kwa mazoezi ya kutibu. Katika miaka miwili ya kwanza, 36 kati yao hawakupasuliwa kano hiyo. Lakini goti lililokwama lisilonyooka lapaswa kuonwa na daktari upesi. Na aliyepasuliwa asikimbilie uwanjani: uchunguzi wa Norway na Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, mpaka mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Sasa bega. Bega ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani. Ndiyo sababu mkono huzunguka kila upande, na ndiyo sababu bega huteguka upesi kuliko viungo vingine vikubwa. Mara zaidi ya tisa katika kumi huteguka kwenda mbele. Utaliona limepoteza umbo lake la duara, na kijana ameushika mkono wake asitake uguswe. Msiuvute! Huenda mfupa umevunjika, na mishipa ya fahamu i karibu. Ufungeni kwa khanga kama ulivyo, mwulizeni kama ana ganzi upande wa nje wa bega, mtazame vidole, kisha mpelekeni hospitali. Huko atapigwa picha, atapewa dawa ya maumivu, na bega litarudishwa taratibu. Lakini asidhani amepona siku hiyo: vijana wa chini ya miaka 20 mara nyingi huteguka tena, kwa hiyo mazoezi ya kutia nguvu misuli ya bega ni sehemu ya dawa. Likiteguka mara kwa mara, huenda akahitaji kupasuliwa.

Kinga je? Mwaka 2008 wataalamu wa Norway walitangaza matokeo ya wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17. Wale waliopasha mwili moto kwa mazoezi maalumu ya dakika 20 hivi, ya kukimbia, kuruka, kutua na kusimama kwa mguu mmoja, walipata majeraha pungufu kwa karibu theluthi. Mazoezi hayo hayahitaji mashine. Binti zetu wa netiboli na mpira wayapate kwanza, kwa kuwa kano ya msalaba hukatika zaidi kwa wanawake kuliko wanaume wachezao mchezo ule ule.

Tunayo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Lakini kijana asiye na nauli hafiki hata hospitali ya wilaya. Timu hukusanya viingilio na hununua jezi. Aliyeumia huachiwa mama yake.

Basi twaomba mkutano huu ukate shauri juu ya mambo matatu. Kila timu iwe na mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza, akisema "toka" hata mwenyekiti wa timu asimpinge. Sehemu ya kila kiingilio iwekwe akiba ya nauli na matibabu. Na mazoezi ya kinga yafanywe kabla ya kila mchezo.

Tusiwaite vijana nguvu ya taifa jukwaani, kisha tukawaacha wakichechemea njiani.