Kuihifadhi Miti ya Bustani Wakati wa Baridi

Wasikilizaji waadhamu mkaao Minneapolis na kwingineko kwenye baridi kali, fahamuni kwamba mtofaa mchanga haudhuriki kwa theluji peke yake, bali pia kwa jua la alasiri lilipashalo gome joto, kisha usiku jalidi ikalipasua. Basi, kabla ardhi haijaganda, unywesheni maji ya kutosha, wekeni matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 10 pasipo kuligusa shina, na shina lenyewe livikeni kitambaa cheupe, mkivue baridi ikiondoka. Theluji ikiyalemea matawi, ipanguseni taratibu kwa ufagio, mkiyainua kutoka chini. Ama barafu iliyoyagandama, iacheni iyeyuke yenyewe, kwani kuipiga ni kuyavunja. Anzeni kazi hii mapema, majani yakiisha kupukutika.